Nafasi ya Mama Kabatini

Nianze kwa kusema wazi kwamba kabati lile sikulipenda hata siku lilipoingia. Mume wangu alilitengenezesha kwa fundi mmoja wa Keroka, likaletwa Kisii vipandevipande juu ya pikapu, na fundi akaligongomea humo humo chumbani mwetu mpaka likashika ukuta mzima. Milango mitatu. Nilipouliza watu wawili wanahitaji milango mitatu ya nini, niliambiwa hiyo ni nafasi ambayo haitajaa maisha. Ilijaa mwaka wa kwanza. Tangu hapo kila nikifungua mlango wa kati lazima nitangulize goti, la sivyo sweta zinanishukia kichwani.

Nilivumilia hivyo kwa miaka, na ningeendelea kuvumilia kama si mguu wa mama.

Mama ana sukari. Anaishi Nyamache, kwenye shamba lake la chai na ndizi, nyumba yake ikitazamana na ya mdogo wangu wa kiume. Siku moja alikanyaga kisiki akichuma chai, akafunga jeraha kwa kitambaa cha kichwa, akaendelea kuchuma. Hakumwambia mtu. Alipokuja kusema, kisigino kilikuwa kimebadilika rangi. Muuguzi wa hapa mjini alikitazama, akanivuta kando, akaniambia kidonda kile kinataka kuoshwa hospitalini siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki sita, na kwamba kidonda hakijui Jumapili wala sikukuu.

"Akikosa kuja," akasema, "safari ijayo hatutaongea habari ya kidonda. Tutaongea habari ya mguu."

Kutoka Nyamache mara zote hizo, na mvua hizi, na kisigino kile, haiwezekani. Kutoka kwangu hospitali ni dakika kumi kwa mguu, na kwa bodaboda hata hujamaliza kufunga koti umefika. Nikamwambia mama aje akae kwangu. Akakataa. Dada yake akamsihi, mchungaji wake akamsihi, mdogo wangu akanuna siku tatu, na mwishowe mama akakubali kwa sauti ya mtu anayehukumiwa kifungo. Angekuja Ijumaa, alisema, na tusimsumbue tena.

Basi nikaomba ruhusa kazini Alhamisi na Ijumaa ili nimtolee nafasi kabatini. Nilitaka akifika aone mlango mzima ni wake, atundike nguo zake, ajue amekuja kukaa wala si kupita. Niliona kwamba mtu akishatundika nguo zake mahali, moyo nao hutulia. Bado naona hivyo, pamoja na yote yaliyotokea.

Kuna mwanamke kwenye simu yangu anayefundisha namna ya kupanga kabati. Anasema toa kila kitu, weka kitandani, gawanya mafungu matatu: ya kubaki, ya kupeana na ya kutupa. Anatabasamu muda wote. Yule mwanamke bila shaka hana ukoo.

Maana nilichokitoa mle hakikuwa nguo zangu. Kilikuwa ni shughuli za watu. Nilikuwa na sare kumi na moja za harusi, kila moja ya kitambaa ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu angekichagua akiachwa peke yake dukani. Moja ni ya zambarau, mabega yamevimba kama maandazi. Harusi mbili kati ya hizo zimeshavunjika, bwana na bibi kila mmoja ameenda zake, lakini sare ipo na haijapauka hata kidogo. Nilikuwa na sare tatu za akina mama wa kanisa, kwa sababu kila tukichagua mwenyekiti mpya lazima tubadilishe rangi. Nilikuwa na leso za vikundi vya akina mama ambavyo nilishaacha kuhudhuria. Na nilikuwa na fulana za mazishi.

Hizo fulana ndizo zilizonimaliza. Picha ya marehemu kifuani, mstari wa Biblia mgongoni, na kila mwanaukoo lazima avae. Sasa mtu utaifanyaje fulana hiyo? Kuitupa huwezi, maana utapita kwenye jalala ukute shemeji ya mtu anakutazama kutoka kwenye maganda ya ndizi. Kuipigia deki huwezi. Kumpa mtu avae pia ni shida, maana atauliza huyu ni nani, na wengine mimi mwenyewe sikuwahi kuwaona wakiwa hai. Nilizikunja moja moja, nyuso zikitazama ndani, nikazirudisha pale pale nilipozitoa. Mwanamke wa kwenye simu hakuwa amesema lolote kuhusu fungu hilo.

Jioni mume wangu alirudi kutoka shule anakofundisha hesabu. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na ndiyo maana ni vigumu sana kugombana naye. Alisimama mlangoni akaona suti yake ya harusi kwenye fungu la kupeana.

"Hiyo bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado iko sawa."

"Uliivaa ukiwa mwembamba kama fimbo ya ubaoni."

"Nitapungua," akasema, akaichukua, akaitundika.

Akachukua pia suruali mbili, koti la mvua lisilo na zipu, na tai ambayo hata yeye hakukumbuka aliipata wapi. Niliuma meno. Hata hivyo kufikia Ijumaa mchana nilikuwa nimeshinda. Mlango wa kushoto, ulio karibu na dirisha, ulikuwa mtupu. Niliufuta vumbi, nikatandika karatasi kwenye rafu, nikanunua hanga mpya. Mafungu yalikuwa bado yamerundikana kitandani hadi karibu na dari, lakini mlango wa mama ulikuwa tayari, na nilisimama nikiutazama kama mtu aliyemaliza kujenga.

Mdogo wangu alimleta saa kumi hivi, kidonda kikiwa kimeshaoshwa hospitalini njiani. Mama aliketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango wa nje, akaweka mfuko wake wa mistari, ule wenye zipu, katikati ya miguu yake kama mtu aliyeko stendi. Mdogo wangu akanywa chai haraka, akaaga, akaondoka ili Sabato imkute nyumbani. Sikuweza kusubiri zaidi.

"Mama, nimekutolea nafasi kwa kabati. Mlango mzima. Kuja uone."

"Kabati liko wapi?"

"Chumbani."

"Chumba cha nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu Gusii mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe. Hakai naye meza moja, hamtazami usoni ovyo, na kitanda chake hata kukiona hapaswi. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya wakwe, na mtoto wa kwetu huijua kabla hajajua kuhesabu vidole. Nami, niliyezaliwa Nyamache na kuolewa Nyamira, nilikuwa nimechukua ruhusa ya siku mbili kumwandalia mama yangu mzazi mahali pa kutundika gaguro zake ubavuni mwa suruali za mkwewe. Kwa nini sikufikiria? Kwa sababu tangu niolewe mama hajawahi kulala kwangu hata siku moja. Huja asubuhi, huondoka jua likiwa juu. Sikuwahi kulazimika kukumbuka.

Mama aliukaza mfuko wake kati ya miguu.

"Wewe nilikuzaa mimi," akauliza, "ama nilikuokota sokoni?"

Nikamwambia basi haina neno, atalala chumba cha watoto, wako shule ya bweni, nitapiga misumari niweke kamba atundike humo. "Yaya," akasema, na hiyo kwetu ni hapana isiyo na mjadala. "Nguo zangu ziko sawa hapa kwa mfuko. Mtu akitaka kwenda hatafuti-tafuti."

"Uende wapi? Ni wiki sita, Mama."

"Tutaona."

Nilirudi chumbani nikiwa nimefura. Angalau nimalize kupanga mafungu, nikajiambia, angalau kitanda kionekane. Sikuwa nimekunja hata nguo tatu sauti yake ikanifikia kupitia ukutani.

"Unafanya nini huko?"

"Napanga nguo."

"Jua limezama."

Nilitazama dirishani. Lilikuwa limezama kweli, Sabato ilikuwa imeingia, hakuna kazi tena hadi kesho jioni, na kitanda changu kilikuwa kimebeba harusi kumi na moja. Kama mama asingekuwapo, nakiri, ningeendelea kimyakimya. Lakini alikuwapo, na masikio yake hayana sukari. Nikaweka chini sweta niliyoishika. Mimi na mume wangu tulitandika godoro sakafuni, tukalala kama watu waliokuja matangani.

Siku ya Sabato nilikuwa simu ya watu wawili. Tulirudi kutoka kanisani, mama akala katika chumba cha watoto, pazia likiwa limeshushwa, mume wangu akala sebuleni, na kati yao palikuwa na hatua nne.

"Muulize mama kama chakula kimetosha," mume wangu akaniambia.

"Mwambie kimetosha," mama akajibu kutoka nyuma ya pazia, kabla sijafungua mdomo.

"Mwambie ni vizuri."

"Mwambie asante."

Nilikuwa nimesimama katikati na bakuli la mboga mkononi. Hakuna aliyenihitaji, ila bila mimi wasingeweza kuongea. Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo nilikuwa nimechoka na mgongo uliniuma kwa sakafu, na kila nikipita nilikuwa nikiuona ule mfuko umefungwa zipu hadi mwisho, umesukumwa karibu na mlango.

Alasiri nikamsikia akimpigia mdogo wangu. Mama huongea na simu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hivyo sikuwa nasikiliza, nilikuwa nasikia tu.

"Kesho ukuje na gari. Ee, asubuhi. Hapana, mguu hauna shida."

Niliingia bila kubisha. Nikamuuliza anajua kesho ni siku ya kuoshwa kidonda. Akasema anajua. Nikamuuliza kule Nyamache nani atakiosha, na kwa kitu gani. Akasema kuna maji. Hapo nikapandisha sauti, mbele ya mama yangu, siku ya Sabato, na mume wangu akisikia.

"Unataka ukatwe mguu?"

"Mguu ni wa nani?"

"Ni wako!"

"Basi," akasema.

Nikamwambia yeye ni mkaidi, na ukaidi wake ndio uliomchumisha chai na kidonda wiki nzima. Nikamwambia mambo mengine ambayo sitayaandika. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ulinikasirisha kuliko yote, "Mwanangu, nyumba ya mkwe si mahali pa kuugulia. Nikilemewa hapa nitatolewa na nani, nipitishwe wapi? Baba watoto wako anishike mimi? Wacha niende nilale kwangu."

"Hakuna anayekufa na kisigino!"

"Wewe ni daktari?"

Nilienda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na woga mtupu. Nilikuwa nawaza mama yangu akipanda ile njia ya shambani kwa mguu mmoja na gongo, kwa sababu ya pazia na ukuta na heshima, na kwa sababu mimi binti yake nilikuwa mpumbavu wa kumwonyesha mlango wa chumba asichoweza kukiingia. Nililia pale pale kwenye karo. Sioni haya kusema.

Jumapili, chai haijaiva, mume wangu alitoka. Alirudi na msumeno wa jirani yetu fundi. Akaingia chumbani, akahamisha mafungu yote kutoka kitandani hadi sakafuni, akavuta kitanda kando, akaanza kupima kabati kwa rula ya ubaoni.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hili kabati lina milango mitatu."

"Idadi naijua."

"Mmoja ni wa mama."

"Lakini mama hawezi kuingia humu! Hujasikia tangu Ijumaa?"

"Nimesikia," akasema. "Ndiyo maana mlango utatoka."

Akaanza kukata. Nimesema sikulipenda lile kabati, lakini kuona meno ya msumeno yakiingia kwenye mbao zangu ni jambo jingine. Vumbi la mbao likatua juu ya sare zote. Nilimwambia anakata pabaya. Nilimwambia aite fundi. Nilimwambia kizigeu, ule ubao wa kutenganisha, ni kimoja, kikienda na kipande cha mama sisi tutabaki wazi ubavuni. Akasema ndiyo, tutabaki wazi, na akaendelea.

"Mwambie aache kuharibu kitu chake!" mama akasema kwa nguvu kutoka ng'ambo.

"Mwambie mama hizi ni mbao tu," mume wangu akasema, bila kuinua kichwa.

"Mwambie mbao ni pesa!"

"Mwambie mama mguu haununuliwi."

Hilo sikulifikisha. Halikuhitaji kufikishwa.

Mdogo wangu alifika wakati kipande kimeshatengana. Alikuja kumchukua mama, akajikuta ameshika ncha moja ya kabati, ananiuliza, "Sasa hii inaenda wapi?" nami nikamwambia abebe tu. Mama alichechemea akaenda kukaa varanda, akageukia barabara ili mkwewe apite na mzigo bila wao kutazamana. Walikiingiza katika chumba cha watoto kwa shida, kikakwaruza ukuta, kikasimama kando ya kitanda kidogo, mlango mmoja, rafu mbili na ufito wa kutundikia. Chumbani kwetu upande wa kabati ukabaki umeachama, na hadi leo mikono ya mashati hujitokeza humo kama abiria dirishani. Mume wangu akajipangusa vumbi, akasema anaenda kutafuta misumari. Misumari ilikuwa kwenye droo. Aliondoka tu ili mama aweze kutembea ndani ya nyumba.

Mama akaingia. Alikizunguka kile kipande, akagonga mbao kwa vidole, akapitisha kiganja mahali palipokatwa.

"Hajui kukata," akasema.

"Hajui," nikakubali.

Aliketi kitandani, akanyosha ule mguu uliofungwa bendeji. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Tulimngoja. Mimi nilikuwa nimeshachoka kuongea, na nilijua neno moja zaidi kutoka kwangu lingeharibu kila kitu, kwa hivyo nikajikaza nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Niletee mfuko," akasema.

Niliuleta. Akafungua zipu mwenyewe. Alitoa gauni la kwanza, akanipa, nikalitundika. La pili, nikalitundika. Sketi, sweta mbili, gaguro, leso, gauni la kanisani. Alikuwa akizitoa polepole, akizikung'uta, akinikosoa nikipishanisha mabega. Mfuko ukalegea. Nilidhani umeisha, nikanyosha mkono niukunje.

Chini kabisa palikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alikifungua mapajani. Lilikuwa gauni jeupe, jipya, halijawahi kuvaliwa, limekunjwa pamoja na soksi nyeupe na kitambaa cha kichwa. Wanawake wa umri wake kwetu hujitafutia wenyewe nguo watakayozikwa nayo, ili wasije wakavalishwa chochote na watu wenye haraka. Nilijua anayo. Alishawahi kunionyesha ndani ya sanduku lake kule nyumbani. Sikujua kwamba alikuja nayo, kwamba ndiyo iliyokuwa ndani ya ule mfuko siku zote nilizokuwa nikiusema na kuupiga teke kwa macho, na kwamba mtu niliyemwita mkaidi alikuwa ameketi karibu na mlango akiwa amejiandaa kabisa.

Mkono niliounyosha nikaurudisha. Mdogo wangu aliangalia chini.

Mama alilikunja upya, akalifunga kwenye gazeti, akamnyoshea mdogo wangu.

"Rudisha hii nyumbani," akamwambia. "Weka kwa sanduku, funika vizuri panya wasiifikie. Huku sina kazi nayo."

"Na wewe, Mama? Si mimi nimekuja kukuchukua?"

"Mimi saa nane naenda hospitali."

Mdogo wangu alilipokea kwa mikono miwili. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Kiti cha mbele alikuwa amekilaza nyuma na kukitandikia blanketi, ili mama anyoshe mguu njiani, na hapo ndipo alipoliweka gauni, akalivutia mkanda, akaondoka nalo Nyamache.